Kilo 161 zimeenda wapi? Somo la kugeuza maneno kuwa hesabu



Katika toleo hili tunawaletea somo la hesabu. Tafadhali musigeuze ukurasa haraka. Tunajua kwamba wengine wenu muliacha shule mapema, na wengine mulimwogopa mwalimu wa hesabu kuliko mvua ya mawe. Lakini somo hili si la shule. Ni la depo, la kasha na la mkutano mkuu. Mtu asiyejua kugeuza maneno kuwa hesabu anaweza kupoteza makuta yake. Na kubaya zaidi, anaweza kumwita mwenzake mwizi wakati si mwizi.

HADITHI YA DEPO

Tuanze na hadithi. Tumeitunga kwa ajili ya somo, lakini tunajua wengi mutasema: "Hii ni ya kwetu kabisa."

Mwezi wa kwanza, kisha mavuno, wanachama wa koperative moja walileta mahindi kwenye depo. Waliyapima: kilo 2 000. Agronomu alipima maji yaliyo ndani ya mbegu kwa mashine yake, akaandika kwenye kaye: asilimia 20. Mahindi yalikuwa hayajakauka vizuri. Basi Papa mwenye kuchunga depo aliyaanika kila siku jua likiwaka, akayarudisha ndani kila jioni.

Mwezi wa tatu mnunuzi alifika. Wakapima tena. Maji: asilimia 13, vizuri kabisa kwa kuhifadhi. Lakini mizani ikasema kilo 1 839.

Mkutano ukachafuka. Katika 2 000 ukitoa 1 839 zinabaki 161. Hizo ni zaidi ya kiloba kimoja na nusu!

"Depo iko moja, funguo iko moja," mwanachama mmoja akasema. "Basi mwenye kula mahindi naye iko mumoja."

Papa akasimama: "Sikutosha hata kiganja kimoja."

Kijana mmoja aliyesoma akataka kumsaidia. "Mahindi imekauka," akasema. "Maji ilikuwa 20, sasa iko 13. Imepunguka 7. Asilimia 7 ya kilo 2 000 ni kilo 140. Ilipashwa kubakia kilo 1 860."

Watu wakashusha pumzi. Lakini mzee mmoja akauliza: "Na zile kilo 21 zingine?"

Kimya. Wote wakamwangalia Papa tena.

Je, kilo 21 ziliibiwa? Shikeni swali hilo. Tutalijibu pamoja kabla ya mwisho wa somo, kalamu mkononi.

SHIDA HAIKO KATIKA KUJUMLISHA

Wengi wetu tunajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mama anayeuzisha sombe sokoni hakosei anaporudisha makuta ya mteja, hata kama hana kalamu. Shida iko kabla ya hapo. Mtu analeta habari kwa maneno, na sisi hatujui tuanzie wapi. Tujumlishe? Tugawanye? Hapo njo wengi wanakamata namba zote walizosikia na kuzichanganya ovyo.

Njia salama ni kuandika mlinganyo. Watoto wetu wa shule wanauita ekwasio. Mlinganyo ni kama mizani ya mikono miwili: kilicho upande wa kushoto kina uzito sawa na kilicho upande wa kuume. Alama = inasema kwamba mizani imesimama sawa, haikulala upande wowote. Ukitoa kilo tano upande mmoja, utoe kilo tano upande wa pili pia. Ukigawanya upande mmoja kwa mbili, ugawanye na wa pili kwa mbili. Ukifanya hivyo, mizani haitalala.

Elimu hii ni ya zamani. Karibu mwaka 820, mjini Baghdad, mwanachuoni al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake lina neno al-jabr. Ndipo lilipotoka neno letu aljebra. Alieleza kwamba alikiandika kwa mambo ambayo watu wanayahitaji kila siku: kugawanya urithi, kufanya biashara, kupima mashamba, kuchimba mifereji. Na ndani yake hakuna herufi za hesabu kama tunazotumia leo. Aliandika yote kwa maneno, na kile asichokijua alikiita kwa neno la Kiarabu lenye maana ya "kitu". Basi herufi isiwatie hofu. Ni njia fupi tu ya kusema: kitu ambacho bado hatukijui.

HATUA TANO

1. Sikiliza au soma habari mara mbili. Mara ya kwanza usiandike namba yoyote. Elewa kwanza nini kilitokea.

2. Sema ni kitu gani hatukijui, na ukipe herufi. Andika pia kipimo chake: kilo, franka, siku au watu.

3. Tafuta neno linalosema "sawa". Mara nyingi ni neno dogo: ni, imekuwa, imebaki, jumla yake, tumerudi na. Hapo ndipo alama = inakaa.

4. Andika sentensi fupi kwa Kiswahili kwanza. Kisha, chini yake, weka namba na herufi.

5. Tafuta jibu, halafu ulirudishe ndani ya habari. Likikubaliana na maneno yote, ni zuri. Likikataa hata neno moja, rudi kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya nne njo wengi wanairuka. Msiiruke. Hapo ndipo makosa mengi yanaonekana kabla hayajaharibu kitu.

MFANO WA KWANZA: BEI YA MAHARAGI

"Tumeuzisha mjini kilo 600 za maharagi. Motokari imekula franka 180 000. Tumerudi nyumbani na franka 1 020 000. Mnunuzi alilipa ngapi kwa kilo moja?"

Hatujui nini? Bei. Tuandike: b ni bei ya kilo moja, kwa franka.

Sentensi fupi: makuta ya mnunuzi, kutoa makuta ya motokari, ni makuta tuliyorudi nayo.

600 × b − 180 000 = 1 020 000

Tuongeze 180 000 pande zote mbili:

600 × b = 1 200 000

Tugawanye pande zote kwa 600:

b = 2 000

Turudishe ndani ya habari: kilo 600 kwa franka 2 000 ni 1 200 000. Tukitoa motokari 180 000, inabaki 1 020 000. Ni sawa.

Lakini angalieni. Mtu anayekamata 1 020 000 na kugawanya kwa 600 anapata 1 700. Je, amekosa? Hesabu yake ni sahihi, lakini amejibu swali lingine. Franka 1 700 ni ile inayofika nyumbani kwa kila kilo. Sasa muwaze mwanachama aliyesikia kwamba mjini kilo ilikuwa 2 000, na yeye komite inampa 1 700. Atasema: "Walikula 300." Kumbe hizo 300 ni motokari: 180 000 kugawanya kwa 600. Komite ikiandika mlinganyo ubaoni siku ya malipo, neno hilo linaisha hapohapo. Na kama kweli kuna aliyekula, hilo nalo litaonekana hapohapo.

MFANO WA PILI: WAMAMA WATATU

Zile kilo 600 zilikuwa za wamama watatu. Kwa bahati mbaya mvua ililowesha kaye ya depo, namba zikafutika. Jumla tu ndiyo inayosomeka. Mama wa kwanza anasema: "Nilileta mara mbili ya mama wa pili." Mama wa tatu anasema: "Mimi nilileta kilo 40 zaidi ya mama wa pili." Wote watatu wanakubaliana. Kila mmoja alileta kilo ngapi?

Hatujui vitu vitatu, lakini tusikimbilie kuandika herufi tatu. Wa kwanza na wa tatu wote wanajipima na mama wa pili. Basi yeye ndiye tumpe herufi: k ni kilo za mama wa pili.

Mama wa kwanza: 2 × k
Mama wa pili: k
Mama wa tatu: k + 40

Sentensi fupi: kilo za wamama wote watatu, jumla yake ni 600.

2 × k + k + k + 40 = 600
4 × k + 40 = 600
4 × k = 560
k = 140

Mama wa pili alileta kilo 140, wa kwanza 280, wa tatu 180. Jumla: 600. Na kwa kuwa kila kilo ilifikisha nyumbani franka 1 700, mama wa kwanza atapata 476 000, wa pili 238 000, wa tatu 306 000. Jumlisheni: 1 020 000. Kasha limeisha bila franka kubaki wala kupungua.

MANENO YANAYODANGANYA SIKIO

Katika mfano huo kuna maneno mawili yanayofanana sikioni lakini kazi yao ni tofauti. "Mara mbili ya" inazidisha. "40 zaidi ya" inajumlisha. Muangalie na haya:

- "kila" mara nyingi inazidisha: kila kiloba franka 500, viloba n, ni 500 × n;
- "pungufu ya" inatoa: kilo 15 pungufu ya zangu ni k − 15, si 15 − k;
- "nusu ya" inagawanya kwa mbili;
- "jumla" inakusanya, na mara nyingi baada yake ndipo alama = inakaa.

Mtego mkubwa zaidi ni huu. Tuseme: "Katika chama chetu, wamama ni mara mbili ya wababa." Tuandike m kwa wamama na b kwa wababa. Mlinganyo ni upi?

Wengi wanaandika 2 × m = b. Wanasema moyoni: "wamama wawili, baba mmoja", na wanaandika vile wanavyosikia. Ni kosa. Tupime kwa namba. Kama wababa ni 10, wamama ni 20. Tuweke 20 mahali pa m: 2 × 20 = 40. Je, wababa ni 40? Hapana. Mlinganyo sahihi ni m = 2 × b.

Kosa linatoka wapi? Linatoka kwa kufikiri kwamba m ni mama. m si mama. m ni hesabu ya wamama. Herufi haisimami mahali pa mtu, wala mahali pa kiloba, wala mahali pa mbuzi. Inasimama mahali pa namba. Wamama ndio wengi. Basi ili mizani isimame, ni lazima tuzidishe upande wa wababa, ulio mdogo.

Chama hicho kikiwa na watu 84, tunaandika b + 2 × b = 84, yaani 3 × b = 84. Wababa ni 28, wamama 56. Kama viti vya komite vinagawanywa kwa kufuata hesabu ya wanachama, muone nani angepoteza viti kwa sababu ya mlinganyo uliogeuzwa.

ASILIMIA YA NINI?

Neno "asilimia" halina nguvu likiwa peke yake. Kila mara muulize: asilimia ya nini?

Mfanyabiashara anauzisha chumvi franka 1 000. Anapandisha bei asilimia 20: inakuwa 1 200. Wateja wanalia, naye anateremsha asilimia 20. Je, bei imerudi 1 000? Hapana. Asilimia 20 ya pili ni ya 1 200, yaani 240. Bei mpya ni 960. Asilimia ni ileile, lakini haikutoka mahali pamoja.

Sasa turudi kwenye depo. Papa bado amesimama mbele ya mkutano.

Kosa la yule kijana mwenye moyo mzuri ni hilohilo. Asilimia 20 ilikuwa ya kilo 2 000. Lakini asilimia 13 si ya kilo 2 000. Ni ya uzito mpya, ule uliobaki kisha kukauka. Yeye alitoa 13 katika 20 kana kwamba zote zilipimwa katika mahindi ya uzito mmoja.

Tufuate hatua zetu.

Hatujui nini? Mahindi yalipashwa kubaki na uzito gani? Tuandike: k ni kilo zinazobaki maji yakifika asilimia 13.

Neno "sawa" liko wapi? Hapa habari haikulisema. Ni lazima tulitafute wenyewe, kwa kuuliza: ni kitu gani hakikubadilika? Jua lilichukua maji. Lakini halikuchukua mbegu yenyewe, ile sehemu kavu ambayo tutaisaga unga. Basi sentensi yetu fupi ni hii: sehemu kavu ya leo ni sawa na sehemu kavu ya siku ya kuingiza.

Siku ya kuingiza, maji yalikuwa 20 katika kila 100. Sehemu kavu ilikuwa 80 katika kila 100. Katika kilo 2 000, hizo ni kilo 1 600.

Leo maji ni 13 katika kila 100. Sehemu kavu ni 87 katika kila 100.

k × 87 ÷ 100 = 1 600

Tuzidishe pande zote kwa 100:

k × 87 = 160 000

Tugawanye pande zote kwa 87:

k = 1 839, na kidogo sana juu yake

Turudishe ndani ya habari. Mwezi wa kwanza maji yalikuwa kilo 400. Leo, asilimia 13 ya kilo 1 839 ni karibu kilo 239. Kutoka 400 mpaka 239, zimeondoka kilo 161. Zote zimepanda juu na mvuke wa jua. Zile kilo 21 hazikuibiwa na mtu. Zilizaliwa katika hesabu iliyofanywa haraka.

Papa hakutosha hata kiganja kimoja.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana mlinganyo hauna ndugu. Kama mizani ingesema kilo 1 780, zingekosekana kilo 59 ambazo maji hayawezi kuzieleza. Hapo mkutano ungekuwa na haki ya kuuliza. Hata hapo, tuulize kwanza: ni panya? Ni wadudu? Mizani ya mwezi wa kwanza ndiyo ileile ya mwezi wa tatu? Hesabu yetu inaeleza maji tu. Haitaji jina la mtu.

Kwa hiyo tunaomba kila depo iandike mambo mawili siku ya kuingiza na siku ya kutoa: kilo, na asilimia ya maji. Bila namba hizo, hakuna mlinganyo, na mwenye kuchunga depo atabaki bila mtetezi.

MAZOEZI

Mufanye kwenye kikundi, mtu mmoja asome, mwingine aandike ubaoni. Musikimbilie majibu.

Zoezi la 1. Mnunuzi anataka kilo 300 za kahawa ya parche. Tuchukue kwamba kilo 5 za kahawa nyekundu iliyotoka mtini zinatoa kilo 1 ya parche. Wanachama wameshaleta kilo 1 150 za kahawa nyekundu. Zimebaki kilo ngapi za kuleta?

Zoezi la 2. Mama mmoja alikopa makuta katika kikundi cha akiba. Kila mwezi anaongeza asilimia 5 ya makuta aliyokopa. Kisha miezi mitatu alirudisha yote pamoja: franka 230 000. Alikopa ngapi?

Zoezi la 3. Kilo 1 200 za mahindi ziliingia depo zikiwa na maji asilimia 22. Zikikauka mpaka asilimia 13, zitapima kilo ngapi?

MAJIBU

1. k ni kilo zilizobaki. Kilo zilizoletwa pamoja na zilizobaki ni sawa na kilo zinazohitajika: 1 150 + k = 5 × 300. k = 350.

2. d ni deni la kwanza. Miezi mitatu kwa asilimia 5 ni asilimia 15 ya d. Basi d + 15 × d ÷ 100 = 230 000, yaani 115 × d ÷ 100 = 230 000. d = 200 000.

3. Sehemu kavu ni 78 katika kila 100, yaani kilo 936. k × 87 ÷ 100 = 936. k ni karibu kilo 1 076. Aliyepata 1 092 ametoa 13 katika 22 kama yule kijana. Arudie kusoma hadithi ya depo.

Ndugu wanachama, hatuwaombi mugeuke walimu wa hesabu. Tunaomba jambo moja tu: siku ile mkutano utakapowaka moto kwa sababu ya kilo au makuta, kabla ya kutaja jina la mtu, mmoja wenu asimame na kusema, "Tuandike kwanza." Kisha aulize: ni kitu gani hatukijui, na ni kitu gani hakikubadilika? Mengine yote ni kazi ya kalamu.

Kazi njema mashambani, na tukutane katika toleo lijalo.